Daftari la mwaka ambao hatukuwepo

Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenye mlango wa abiria wanaowasili, nilianza kuhesabu watu kabla sijatoa hata mkokoteni wa mizigo nje. Mama mkwe alikuwepo, kajitanda kanga mpya. Wifi zangu wawili walikuwepo. Mama mdogo wa Uru alikuwepo na watoto wake wote. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwepo pia, kasimama nyuma ya wenzake, amekonda. Aliyekosekana ni Babu, baba mkwe wangu, ambaye Septemba 2022 alitusindikiza hadi pale pale akiwa na koti lake la kanisani na fimbo ambayo wakati ule hata hakuihitaji.

“Baba yuko wapi?” mume wangu aliuliza, salamu zikiwa bado hazijaisha.

“Amechoka kidogo,” mama akajibu. “Anawasubiri nyumbani.”

Ilikuwa siku za mwisho za Septemba 2023, saa nane mchana, jua kali na vumbi la kiangazi. Mlima ulikuwa umejifunika wote. Tukapita Boma Ng'ombe, tukapita Kwa Sadala, binti yetu akitaka tusimame kila penye ndizi. Shemeji ndiye aliyekuwa anaendesha. Ni mtu wa maneno mengi, anayeweza kukusimulia mpira wa juzi mpaka ukauona. Siku hiyo kutoka KIA hadi Weruweru hakufungua kinywa.

Tulipofika Kibosho, Babu alikuwa barazani, blanketi magotini, na akanyoosha mkono wa kushoto kutupokea. Huyu ndiye mzee aliyewakanya wajukuu wake wote kwamba mkono wa kushoto haupewi mtu mzima. Mume wangu akapiga magoti, akaushika kwa mikono yake miwili. Mimi nikabaki kwenye ngazi na begi begani. Mwanetu wa miaka mitano peke yake ndiye hakuona ajabu: aliinua kiganja chake akakigonganisha na cha Babu, kama alivyozoea kufanya na walimu wake, na Babu akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kiharusi kilikuwa kimempiga Februari. Miezi saba walituficha.

Nikizikumbuka sasa simu za miezi ile, dalili zote zilikuwepo. Tukipiga, Babu alikuwa amelala, au yuko shambani, au mtandao mbovu. Akionekana kwenye video lilikuwa paji la uso na macho, mtu mwingine kamshikia simu, naye anapunga mkono tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mzee aliyekuwa akichanganya Kichaga na Kiswahili kwa pumzi moja amekuwa kimya ghafla. Nilikuwa na kazi ya chuo ya kuwasilisha Ijumaa, mtoto ana homa, mume yuko zamu ya usiku. Ukiwa mbali unapenda kuamini kwamba nyumbani pamesimama vilevile ulivyopaacha, na waliobaki, kwa huruma yao, wanakusaidia kuamini hivyo.

Tulikuwa Liverpool. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili kwa mwaka mmoja, na familia ikaruhusiwa kufuatana nami. Tuliingia Uingereza siku chache baada ya Malkia Elizabeth II kufariki, tarehe 8 Septemba 2022. Nchi nzima ilikuwa msibani. Siku ya mazishi, Jumatatu ya tarehe 19, shule zilifungwa, tukakaa kitandani wote wanne kuangalia kwenye simu, na binti yetu, aliyekuwa na miaka minane, akauliza, “Mama, watu wote hawa wanapikiwa wapi?” Kwa mtoto aliyekulia Moshi, swali hilo ni la maana kabisa. Na mimi niliyekuwa nikitazama msiba wa watu nisiowajua sikuwa na habari kwamba kwa mwaka mzima uliofuata misiba yangu mwenyewe ingepita bila mimi.

Maisha ya kule sitayasimulia kwa urefu. Baridi ilikuwepo, na Desemba giza liliingia saa kumi jioni. Umeme tulilipia kwanza ndipo tukatumia, kama Luku, na bei yake majira yale iliwatisha hata wenyeji. Mume wangu, mtu mwenye duka lake la vifaa vya ujenzi kule Majengo, Moshi, alipanga maboksi ghalani usiku kucha. Watoto walisoma shule ya serikali bila ada. Jirani yetu alikuwa mama wa Kiyemeni, maana mji ule una Wayemeni wa tangu zamani, na Ramadhani ya 2023 alitupitishia sahani jioni baada ya jioni, ingawa alijua sisi ni Wakatoliki. Tulipoaga alilia. Deni hilo bado liko Liverpool.

Narudi kwenye duka, kwa sababu hapo ndipo kurudi kwetu kulipoanza hasa.

Tulipoondoka tulimwachia shemeji duka likiwa limejaa. Siku ya nne baada ya kufika, mimi na mume wangu tulishuka mjini kuliangalia. Masanduku ya misumari yalikuwa nusu, rangi zilikuwa za aina mbili tu, mabati hakuna, na saruji nilihesabu mifuko kumi na mmoja. Mume wangu alizunguka mara moja, akarudi kaunta. Kulikuwa na mteja, fundi bomba mmoja anayetufahamu miaka yote, anasubiri chenji yake. Mbele ya mtu huyo mume wangu akamwambia mdogo wake, “Umekula mtaji wangu.”

Shemeji hakujibu. Alimpa fundi chenji yake, akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kaunta, akatoka. Nilimwona akivuka barabara bila kuangalia pikipiki.

Mume wangu si mtu mbaya. Alikuwa amebeba maboksi usiku kucha kwa mwaka mzima, na kilichompa nguvu ni picha ya duka lile lilivyokuwa. Pauni 1,900 alizoweka akiba, pauni moja wakati ule ikiwa karibu shilingi 3,000, zilikuwa za kuliongeza duka, siyo za kulifufua. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, tena mbele ya mtu.

Kesho yake nilienda peke yangu kuhesabu mali. Chini ya kaunta, nyuma ya kopo la gundi, nikakuta kaunta buku mbili. Moja ilikuwa ya mauzo. Ya pili ilikuwa na karatasi ya kalenda imegandishwa juu yake kama tunavyofunika madaftari ya shule, na nilipoifungua nikaona jina la mume wangu na langu kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa shemeji. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikasoma.

Kurasa za kwanza ni hospitali. Kulazwa, kipimo cha kichwa, dawa, mazoezi ya viungo, nauli za gari la kumpandisha na kumshusha Babu. Jumla ilikuwa 4,350,000. Pembeni ameandika: “Mama amesema wasiambiwe.”

Kuanzia katikati ndipo mkono wangu ulipoanza kutetemeka. “Oktoba 2022, msiba Uru, mama wa fundi, rambirambi 10,000.” “Novemba, kipaimara mtoto wa mwalimu mkuu, 30,000.” “Januari, msiba Rau, mzee wa nyumba ya kona, 20,000, na kuni.” “Machi, ahadi ya paa la kanisa, awamu ya kwanza, 100,000.” “Aprili, harusi, kamati wamesema 100,000, nimewapa 50,000, nyingine mwezi ujao.” Na mwezi uliofuata ile nyingine imeandikwa, imepigiwa mstari. Mfuko wa jamii wa kikundi changu cha vikoba, kila mwezi, bila kukosa hata mmoja. Mistari thelathini na saba. Kumi na minne ilikuwa misiba. Yote kwa jina letu, na jumla yake 1,285,000.

Hakuna hata shilingi moja aliyoandika kwa jina lake mwenyewe.

Umeme ulikuwa wa mgao siku zile, kwa hiyo jioni mume wangu aliisoma kaunta buku kwa mwanga wa simu, mezani kwetu Rau. Alisoma taratibu, kama mtu anayesoma barua ya Kijerumani. Alipofika kwenye mzee wa nyumba ya kona alifunga daftari akatoka nje. Mzee yule ndiye aliyekuwa anatunza funguo zetu za akiba. Siku nne tulikuwa tumepita mbele ya nyumba yake tukidhani amelala mchana.

Alfajiri mume wangu alipanda Kibosho. Kwa Wachaga, mtu aliyemkosea mwenzake anakwenda na isale, lile jani refu la mmea tunaopanda mipakani mwa kihamba, na anayepelekewa isale ni vigumu sana kukataa. Alilikata mwenyewe, akaenda na mama yake hadi kwa mdogo wake. Waliyozungumza siyajui na sikuuliza. Ninachojua ni jambo moja tu, kwa sababu mume wangu alirudi nalo akalirudia mara mbili usiku ule. Alimwuliza kwa nini alitoa pesa zote hizo wakati duka linakauka. Mdogo wake akamjibu, “Kaka, watu walikuwa wanauliza kama mmehama. Nikawa nawaambia mmekwenda tu.”

Baada ya hapo daftari lile ndilo likawa ramani yetu. Nadhani hili ndilo ninalotaka hasa kumwambia mtu anayerudi na familia yake: uliza orodha ya waliokufa kabla hujafungua mabegi ya zawadi. Sisi tulifanya kinyume. Wiki ya kwanza tuligawa chokoleti zilizokwisha kuyeyuka, soksi na makoti ya watoto, tukawasahau wawili, na manung'uniko ya wale wawili hayajaisha mpaka leo. Zawadi huwa zinapungua tu, hata ungebeba ndege nzima. Lakini mtu akikuona umeingia kwake kuhani, hata miezi minane baadaye, hakuulizi ulimletea nini.

Tulikwenda Jumamosi na Jumapili, nyumba mbili mbili, kwa muda wa wiki sita. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, tunakaa. Mwanzoni nilikosea. Nyumba ya kwanza, kwa aibu na woga wa kimya, nilianza kueleza tulikokuwa, baridi, masomo. Mwenye nyumba alinisikiliza kwa adabu na sikupata chochote. Nyumba ya pili, kwa mjane wa mzee wa kona, mume wangu alisema pole akanyamaza, kisha akauliza, “Aliugua vipi?” Yule mama akashika kanga yake, akaanza. Alianza na kikohozi cha Krismasi. Akaja kwenye daktari, akaja kwenye usiku ule, nani alibisha hodi wa kwanza, nani alileta turubai, mvua ilinyesha vipi wakati wa kuchimba kaburi, binti yake alichelewa wapi na basi kutoka Dar. Saa moja na nusu. Alipomaliza, mimi niliyekuwa Liverpool Januari ile nilikuwa nimekuwepo. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na funguo zetu zimefungwa kwenye kitambaa. “Nilijua mtakuja,” akasema. “Rambirambi yenu niliipokea.”

Sikumwambia kwamba hatukujua. Hapo pana jambo lililonisumbua sana na ambalo sikuwahi kufundishwa na mtu. Shemeji alitoa kwa jina letu. Kila nyumba iliamini tulipata habari tukatuma. Mama mmoja wa Pasua, rafiki yangu wa miaka mingi aliyefiwa na mdogo wake, alinipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. “Pesa yako ilifika,” akaniambia. “Wewe mwenyewe hukupiga hata simu.” Jibu lilikuwa kwenye ulimi: sikujua, walinificha, nisingeweza kukaa kimya kwa msiba wako. Lakini nikisema hivyo, rambirambi ile ilikuwa ya nani? Nikisema sikujua, naigeuza heshima aliyonitunzia shemeji kuwa uongo. Nikamwambia, “Nimekosa. Nisamehe.” Nilisimama pale mlangoni mpaka akaniambia ingia. Lilikuwa kosa nisilolifanya, lakini lilikuwa na jina langu, na nililibeba.

Kwa hiyo siwezi kuwasifu waliotuficha, ingawa nawapenda. Mama mkwe alifanya alichoona ni huruma. Aliogopa tungeacha masomo, tungekopa nauli, tungerudi. Labda tungerudi kweli. Lakini ukimficha mtu ugonjwa wa baba yake, umemnyima pia nafasi ya kupiga simu Pasua, nafasi ya kulia kwa wakati wake, nafasi ya kutomtukana mdogo wake mbele ya fundi bomba. Tulikaa naye tukayasema hayo kwa upole, akakubali, na yeye akatueleza lake: kwamba kila tulipopiga tulikuwa na haraka, tunauliza “hamjambo?” na hapo hapo tunajibu wenyewe “haya, sawa”. Ni kweli. Aliyeficha alikuwa na kosa, na sisi tuliorahisisha kufichwa tulikuwa na letu.

Watoto walirudi kwa njia zao.

Binti yetu aliondoka Moshi katikati ya darasa la tatu. Tuliporudi wenzake walikuwa la nne, wiki chache tu kabla ya Upimaji wa Kitaifa unaofanyika Oktoba. Tulimpeleka shuleni kwake tukiwa na ripoti nzuri ya Kiingereza mkononi, tukidhani tutakaribishwa. Mwalimu akatueleza kwamba watahiniwa walisajiliwa zamani na usajili umefungwa. Kosa lilikuwa letu. Wakati wa kuondoka tuliaga, lakini hatukuuliza chochote kuhusu kurudi. Anayepanga safari ya mwaka mmoja na ana mtoto wa la tatu au la sita, akae na mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, waandikiane, ajue tarehe za usajili, na kule aliko aendelee kupiga simu. Binti yetu alikaa darasani hadi Desemba bila kufanya mtihani ule, na Januari 2024 akaanza la nne upya, rafiki zake wakiwa la tano. Alilia wiki nzima, na kila alichosema kilikuwa cha haki.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa hesabu. Kule England watoto wa darasa lake hupimwa majedwali ya kuzidisha mwezi Juni, maswali 25, sekunde sita kwa kila moja, na yeye alikuwa anayajua hadi mara kumi na mbili kama Baba Yetu. Lakini sehemu alizisomea kule kwa Kiingereza. Mwalimu akiuliza ubaoni asili ni ipi na kiasi ni kipi, mtoto anayejua kujumlisha sehemu hizo kichwani anakaa kimya, darasa linacheka, “mzungu hajui.” Maarifa ya Jamii ndiyo usiseme, alijua Warumi walivyojenga barabara, mikoa ya nchi yake ameisahau. Tulichora ramani kwa chaki kwenye sakafu ya veranda, na kila mkoa tukaweka kitu juu yake: korosho Mtwara, jiwe Mwanza, kipande cha katani Tanga. Alipoteza mwaka mmoja wa shule. Sikubali mtu akiniambia hakupoteza kitu.

Mdogo wake alikuwa na shida nyingine, na chanzo chake ni sisi. Aliondoka na miaka minne, anaongea Kiswahili cha kutosha kugombana. Alipoanza shule kule alirudi kila siku na Kiingereza, na sisi kwa kumwonea huruma asibaki nyuma tukamjibu kwa Kiingereza. Shule haikutuomba tufanye hivyo. Kufikia Krismasi alikuwa anaelewa Kiswahili lakini hajibu. Kufikia Agosti kuna vitu alikuwa haelewi tena. Nilipomfikisha kwa bibi yake hawakuweza kusemezana bila mimi katikati. Mwanamke aliyenikandia mtoto huyu maji ya moto siku ya tatu ya maisha yake alikuwa anahitaji mkalimani kumwuliza kama ana njaa. Wenye watoto wadogo huko mliko, jibuni kwa Kiswahili. Kiingereza shule itawapa, haitashindwa.

Aliyemrudishia lugha alikuwa Babu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemwelekeza Babu ataje vitu vilivyo karibu naye, kimoja kimoja, kila siku, ili ulimi urudi. Mtu mzima kukaa barazani kusema “kikombe” mbele ya wake wa wanawe ni kazi ngumu, na Babu alikuwa ameshaacha. Desemba ile, shule zimefungwa, tulimwacha mtoto Kibosho. Vuli ya 2023 ilikuwa na mvua nyingi kupita kawaida, hawakuweza kutoka, wakashinda barazani wawili wao. Sijui nani alianza. Mama mkwe anasema alisikia kutoka jikoni Babu anasema “je... mbe”, na mtoto anafuata, “jembe.” “Ku... ku.” “Kuku.” Mtoto hakujua kwamba Babu anafanya mazoezi, na Babu hakumwona mtoto kama wa kumwonea aibu. Wakapita kwenye masufuria, wakapita kwenye mgomba, aina zake, wakafika kwenye vitu ambavyo hata mimi sina jina lake kwa Kiswahili, Babu anavitaja kwa Kichaga.

Tulipokwenda kumchukua, wiki ya Krismasi, nyumba imejaa ndugu waliopanda kutoka Dar na Arusha, mbege imeiva, machalari jikoni, mwanangu alinijia mbio akaniambia, “Mama, shi-ka-moo.” Alisema polepole, akivuta maneno, mdomo umeenda upande mmoja. Nilishtuka. Kisha nikaelewa: alikuwa amejifunza Kiswahili upya kutoka kwa mtu mwenye kiharusi, na alidhani ndivyo kinavyosemwa. Januari mwalimu wa awali aliniita faragha kuniuliza kama mtoto ana tatizo la ulimi. Ilichukua hadi Pasaka mvuto ule kuisha. Nakiri kwamba nilipoona umekwisha, niliukosa.

Babu sasa anasema sentensi nzima, ingawa mkono wa kulia haujarudi. Duka lina majina mawili mlangoni, la kaka na la mdogo wake. Zile pauni zilikwenda kwenye mabati na rangi. Binti yetu alifanya upimaji wake Oktoba 2024.

Mwezi Agosti mwaka huo mwalimu mwenzangu alikwenda kusoma Uswidi na mumewe na watoto. Aliniachia funguo na chungu cha maua. Nikamwambia nitamfungulia ukurasa, akanitazama bila kuelewa, nikamwonyesha kaunta buku ya shemeji. Akaniachia pesa kidogo ya kuanzia.

Desemba kukatokea msiba Njoro, kwa dada mmoja wanayesali naye jumuiya moja. Nilikwenda, nikakaa, nikasaidia kumenya ndizi. Niliporudi niliandika tarehe, Njoro, rambirambi 10,000, jina lake na la mumewe. Halafu nikachukua simu nikampigia usiku ule ule. Huko giza lilikuwa limeingia tangu alasiri. Alinyamaza kwa muda, nikasikia mlango unafungwa, nadhani aliwatoka watoto. Kisha akaniuliza, “Aliugua vipi?” Nikavuta kiti, nikaanza mwanzo.